Utafiti Uliokatazwa na Sheria Iliyouzaa: Historia ya Ufuatiliaji wa Vijana Balehe wa Marekani, 1991–2018

Mnamo mwezi Julai mwaka 1991, Louis Sullivan, Waziri wa Afya na Huduma za Jamii wa Marekani, aliifuta ruzuku ambayo taasisi iliyokuwa chini ya wizara yake mwenyewe ilikuwa imeitoa miezi michache tu kabla. Ruzuku hiyo, ya takriban dola milioni 18 kwa miaka mitano, ilikuwa imekwenda kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, wakiongozwa na J. Richard Udry na Ronald Rindfuss. Walikusudia kuwahoji vijana balehe wapatao 24,000 kuhusu mwenendo wao wa kujamiiana. Pendekezo lao lilikuwa limepita kwenye mchujo wa wataalamu wenzao kama ilivyo desturi, na fedha zilikuwa zimeidhinishwa. Kilichobadilika ni kwamba habari za hojaji hiyo ziliwafikia wanasiasa wahafidhina, nao wakaona kwamba serikali inatumia kodi za wazazi kuwauliza watoto wao mambo ya chumbani.

Miaka minne baadaye, chuo kilekile, kikiongozwa na Udry yuleyule, kilikuwa kikiwahoji majumbani vijana zaidi ya 20,000. Hojaji ilikuwa na maswali ya kujamiiana ndani yake, na fedha zilikuwa za serikali ileile. Utafiti huo, unaofahamika kwa jina fupi la Add Health, unaendelea hadi leo, na wale waliokuwa wanafunzi wa darasa la saba hadi la kumi na mbili mwaka 1994 sasa ni watu wa makamo. Insha hii inachunguza mambo yaliyotokea kati ya katazo na kuzaliwa upya, pamoja na kile ambacho katazo lenyewe liliuachia utafiti.

Masimulizi yaliyozoeleka huieleza historia hii kama ushindi wa sayansi dhidi ya siasa. Mwaka 2016 watafiti wa Add Health walipewa Tuzo ya Bata Bukini wa Dhahabu, ambayo huwatambua wanasayansi ambao kazi yao, iliyogharimiwa na serikali, ilionekana ya ajabu au ya upuuzi mwanzoni kisha ikaleta manufaa makubwa. Sina haja ya kuipinga tuzo hiyo. Hata hivyo, masimulizi ya aina hiyo yanasahau jambo moja. Utafiti uliozaliwa mwaka 1994 haukuwa ule uliouawa mwaka 1991 ukiwa umebadilishwa jina tu. Ulikuwa mpana kuliko ule wa kwanza, na upana huo ulitokana kwa sehemu kubwa na shinikizo la wapinzani wake.

Sheria moja, vifungu viwili

Ili kuelewa ubishi wa mwaka 1991 ni lazima tuukumbuke muktadha wa UKIMWI. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 maafisa wa afya wa Marekani walitakiwa kukadiria kasi ya maambukizi, lakini hawakuwa na takwimu za kuaminika kuhusu nani hukutana na nani kimwili, mara ngapi, na kwa kinga ipi. Tafiti mbili zilipangwa ili kuziba pengo hilo, moja ya watu wazima na nyingine ya vijana balehe. Zote mbili zilikumbana na upinzani uleule. Katika Baraza la Wawakilishi sauti kuu ilikuwa ya William Dannemeyer wa California, na katika Seneti ilikuwa ya Jesse Helms, seneta wa North Carolina, jimbo kilimo chuo cha Udry. Baada ya Sullivan kuifuta ruzuku, Helms alipeleka hoja ya kuzihamisha fedha za tafiti za aina hiyo ziende kwenye mpango wa kuwahimiza vijana wajiepushe na ngono hadi ndoa, na Seneti ikaipitisha.

Watafiti wa watu wazima walipata njia ya pembeni. Kundi la Edward Laumann wa Chuo Kikuu cha Chicago liligeukia mifuko binafsi ya ufadhili, likapunguza ukubwa wa sampuli, na mwaka 1992 likawahoji watu wazima 3,432. Kwa vijana balehe njia hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Mtoto yuko chini ya mzazi, shule iko chini ya bodi ya wilaya, na utafiti wa kitaifa usio na kibali cha taifa ungefungiwa mlango wa kila shule.

Suluhisho lilipatikana mahali pasipotarajiwa. Sheria ya kuhuisha Taasisi za Taifa za Afya, iliyotiwa saini na Rais Clinton mwezi Juni mwaka 1993, ilibeba vifungu viwili ambavyo msomaji anayevikuta kwa mara ya kwanza atadhani viliandikwa na mahasimu wasiosomeana. Kifungu kimoja kilipiga marufuku matumizi ya fedha za serikali kwa tafiti zile mbili za ngono, kikizitaja kwa majina. Kingine kiliiagiza Taasisi ya Taifa ya Afya ya Mtoto na Maendeleo ya Binadamu ifanye utafiti wa kuwafuatilia vijana balehe kwa muda mrefu, uangalie afya zao kwa ujumla, na uchunguze namna familia, marafiki, shule na jamii zinavyoiathiri afya hiyo.

Bunge, kwa hiyo, lilikataza na kuamuru kwa wakati mmoja. Inawezekana kuona hapa ujanja tu wa kisiasa, yaani kila upande kupewa kipande chake ili sheria ipite. Lakini maneno ya amri yana uzito wake. Utafiti wa kujamiiana kwa vijana una mwisho unaojulikana: kijana akishakuwa mtu mzima na kuoa au kuolewa, swali limekwisha. Utafiti wa afya hauna mwisho wa namna hiyo, kwa sababu mtu huwa na afya, au huikosa, hadi siku ya kufa. Kwa kulipanua swali ili lisichukize, Bunge liliwapa watafiti kitu ambacho hata wao hawakuwa wamekiomba, nacho ni sababu ya kurudi kwa watu walewale miaka ishirini na zaidi.

Namba badala ya majina

Sampuli ilianzia shuleni. Zilichaguliwa shule za sekondari 80 kwa namna iliyowakilisha nchi nzima, pamoja na shule za kati zilizozipelekea wanafunzi, jumla shule 132. Katika mwaka wa masomo wa 1994–1995 wanafunzi zaidi ya 90,000 walijaza hojaji darasani. Kutoka katika orodha za shule hizo walichaguliwa vijana 20,745 waliohojiwa nyumbani mwaka 1995, na mzazi mmoja wa kila kijana, hasa mama, aliombwa naye kuhojiwa. Katika shule 16 hakukuwa na uteuzi: kila mwanafunzi aliyeandikishwa alistahili kuhojiwa nyumbani, ili mtafiti aweze kuiona jamii nzima ya shule badala ya vipande vyake.

Siku ya hojaji ya darasani kila mwanafunzi alipewa orodha ya wanafunzi wenzake, kila jina likiwa na namba. Aliombwa awataje marafiki zake wa karibu, hadi wavulana watano na wasichana watano, kwa kuandika namba zao. Jambo hili lilikuwa dogo kiutendaji, lakini ndilo lililoutofautisha utafiti huu na nyingi zilizoutangulia. Hadi hapo mtafiti aliyetaka kujua kama marafiki wa kijana wanavuta sigara alimuuliza kijana mwenyewe, na kijana hudhani kwamba wenzake wanafanya kama yeye. Sasa rafiki naye alikuwa amejaza hojaji yake, na jibu lake lilikuwepo.

Namba hizo, hata hivyo, zilikuwa pia hatari kubwa ya utafiti. Mtu anayejua kwamba katika shule fulani kuna pacha wa kike wenye umri fulani na imani fulani anaweza kuwatambua hata kama majina yamefutwa. Na majibu yalihusu wizi, bangi, mimba, mapenzi ya jinsia moja, na nia ya kujiua. Vipi iwapo mwendesha mashtaka au wakili katika kesi ya talaka angeiomba mahakama iamuru chuo kiyatoe? Watafiti walitengeneza utaratibu ambao kwao wenyewe ulikuwa kero. Faili lililounganisha namba ya utafiti na utambulisho wa mtu lilikabidhiwa kwa msimamizi huru wa usalama aliyekaa nje ya nchi, Kanada, mahali ambapo amri ya mahakama ya Marekani isingefika. Hata kiongozi wa mradi hakuweza kulifungua. Data za kina zilitolewa kwa watafiti wengine kwa mkataba tu, na toleo la wazi kwa umma lilikuwa na sehemu ndogo ya sampuli.

Nyumbani nako kulikuwa na utaratibu wake. Maswali ya kawaida yaliulizwa na msaili. Yalipofika ya siri, msaili alimkabidhi kijana kompyuta mpakato na vipokea sauti vya masikioni. Sauti iliyorekodiwa ilimsomea swali, naye akabonyeza jibu. Mama aliyekuwa jikoni hakusikia kitu, na msaili mwenyewe hakujua kilichojibiwa.

Uaminifu wa majibu haukupatikana kwa mashine pekee. Katika hojaji ya darasani, iliyojazwa kwa penseli huku wenzao wakichungulia, wanafunzi 253 kati ya wale waliohojiwa baadaye nyumbani walisema kwamba wanatumia kiungo cha bandia, mkono au mguu. Walipohojiwa nyumbani, wawili tu ndio waliosema hivyo. Waliobaki walikuwa wakifanya mzaha, au walijaza bila kusoma. Utani huu haukuwa hasara ya bure. Watafiti waliogundua suala hilo walionyesha kwamba wanafunzi hao hao wa mzaha waliongeza, kwa uongo wao, viwango vya ulevi na matatizo mengine katika makundi madogo, kama vile vijana waliolelewa na wazazi wa kupanga. Kundi likiwa dogo, waongo wachache wanatosha kulipaka matope.

Hapa inafaa kutazama kwa muda mfupi upande wetu, kwa kuwa tatizo hilohilo liliwakabili watafiti wa mkoa wa Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifuatilia vijana 9,645 katika jamii 20 ili kupima kama elimu ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana katika zahanati zingepunguza maambukizi. Huko pia majibu ya mdomo na vipimo vya maabara yalipishana: wapo wasichana waliosema hawajawahi kujamiiana ilhali vipimo vilionyesha vinginevyo. Matokeo makuu yalikuwa magumu kuyapokea. Ujuzi wa vijana uliongezeka, na kauli zao zilibadilika, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua kwa kiwango kinachothibitika. Kama vipimo visingechukuliwa, mradi ungehesabiwa kuwa umefaulu. Watafiti wa Chapel Hill nao walikuwa wanaelekea kwenye hitimisho hilohilo, kwamba mwili nao uulizwe.

Minyororo na viapo

Makala iliyopata umaarufu zaidi kutoka katika data za awamu ya kwanza ilichapishwa mwaka 2004 na Peter Bearman, James Moody na Katherine Stovel. Walichukua shule moja kati ya zile 16 zilizohojiwa zote, yenye wanafunzi wapatao elfu moja, wakaiita Jefferson, jina lisilo lake. Wakachora mahusiano yote ya kimapenzi ya kipindi cha miezi kumi na minane. Wataalamu wa magonjwa ya zinaa walitarajia kuona kiini, yaani wanafunzi wachache wenye wapenzi wengi, ambao ukiwatibu hao umeutibu mji. Kiini hicho hakikuonekana. Badala yake ulionekana mnyororo mmoja mrefu uliowaunganisha wanafunzi 288, wengi wao wakiwa na wapenzi wawili au mmoja tu.

Umbo hilo lilikuwa na maana mbili. Kwanza, msichana mwenye mpenzi mmoja alikuwa ameunganishwa, bila kujua, na mamia ya watu asiowafahamu. Pili, mnyororo wa aina hiyo ni dhaifu: mtu mmoja yeyote akiacha, hukatika vipande viwili. Kwa hiyo haikuwa na maana kuwasaka wachache wanaodhaniwa kuwa hatari. Elimu kwa wote, hata ikiwabadilisha kidogo tu, ingevunja njia nyingi za maambukizi. Mchoro huo usingewezekana kwa sampuli ya kawaida, inayochukua kijana mmoja hapa na mwingine kule.

Matokeo ya pili yaligusa moja kwa moja ugomvi wa mwaka 1991. Kuanzia mwaka 1993 makanisa ya kiinjili ya Marekani yalikuwa yameanzisha harakati za vijana kuapa kwamba watajihifadhi hadi ndoa. Hojaji ya Add Health iliuliza juu ya kiapo hicho. Mwaka 2001 Bearman na Hannah Brückner walionyesha kwamba walioapa walichelewa kuanza kujamiiana kwa wastani wa miezi kumi na minane hivi, lakini si kila mahali. Kiapo kilifanya kazi pale walioapa walipokuwa wachache kiasi cha kujiona kundi la pekee. Walipokuwa wengi mno, upekee huo ulipotea, na kiapo nacho kikapoteza nguvu. Aidha, waliokivunja kiapo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kutumia kinga mara ya kwanza, kwa kuwa kujiandaa kungekuwa kukiri mapema kwamba watakivunja.

Kisha ikaja awamu ya tatu, mwaka 2001–2002, watafitiwa wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 26. Safari hii walitoa mkojo na mate. Kwa vipimo hivyo Bearman na Brückner waliandika tena mwaka 2005 kwamba viwango vya magonjwa ya zinaa kati ya walioapa na wasioapa havikutofautiana kwa namna ya kitakwimu. Upande uliounga mkono viapo ulikasirishwa na makala ya pili, kama ambavyo wapinzani wa viapo hawakuipenda ya kwanza. Nionavyo, hiyo ndiyo thamani ya kuwafuata watu walewale. Angeulizwa kijana mara moja tu, mwaka 1995, jibu lingekuwa moja na lingekuwa na wenyewe.

Moyo na damu

Udry aliuacha uongozi wa mradi mwaka 2004, ukachukuliwa na Kathleen Mullan Harris, naye Udry akafariki mwaka 2012. Awamu ya nne, ya mwaka 2008–2009, iliwafikia watu 15,701 wenye umri wa miaka 24 hadi 32, waliokuwa wametawanyika katika majimbo yote. Wasaili walikwenda na mizani, vipima shinikizo la damu na vifaa vya kukusanyia matone ya damu ya kidole. Ridhaa iliombwa upya kila awamu, na kwa haki: aliyekubali akiwa na miaka kumi na tano, kwa saini ya mama yake, hakuwa amekubali kuchomwa kidole akiwa na thelathini.

Matokeo ya vipimo hivyo yalileta ubishi. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba asilimia 19 ya watu hao walikuwa na shinikizo la juu la damu, ilhali utafiti mwingine wa serikali, uliopima watu wa rika hilo katika miaka hiyohiyo, ulipata asilimia 4 tu. Watafiti wenyewe walilichunguza pengo hilo bila kupata sababu moja ya kulieleza lote, na tofauti ya namna ya kupima bado inaweza kuwa na mchango wake. Hata hivyo, hata wenye shaka walikubali kulijadili suala la shinikizo la damu kwa watu wasiofika miaka thelathini na tano, umri ambao madaktari wengi hawaufikirii.

Inafaa kurudi sasa kwenye makala ya mwaka 1997 ya Michael Resnick na wenzake, iliyotumia data za vijana zaidi ya 12,000. Waligundua kwamba kijana aliyejiona karibu na wazazi wake, na aliyejiona ni sehemu ya shule yake, alikuwa na hatari ndogo zaidi ya mfadhaiko, fikra za kujiua, ukatili na dawa za kulevya. Wakati huo ilisomwa kama habari ya ujana. Awamu zilizofuata ziliwawezesha watafiti kuuliza kama ukaribu ule wa mwaka 1995 unaonekana bado katika mwili wa mtu mzima, katika uzito wake, shinikizo lake na sukari yake. Hilo ni swali ambalo utafiti wa mwaka 1991, kwa umbo lake la awali, usingeweza kuliuliza.

Dosari iliyo ndani ya msingi wa jengo haijarekebishwa, wala haiwezi kurekebishwa. Sampuli ilitoka kwenye orodha za shule. Kijana aliyekuwa ameshaacha shule kufikia mwaka 1994 hakuwemo, na hawezi kuingizwa leo. Kwa Marekani ya wakati ule kundi hilo lilikuwa dogo kiasi, ingawa ndilo lililokuwa na shida nyingi. Mtafiti wa Afrika Mashariki atakayeuiga utaratibu huu bila kuubadili, akaanzia kwenye daftari la mahudhurio la sekondari, atawaacha nje vijana wengi mno. Mradi wa Mwanza ulianzia shule ya msingi, na uamuzi huo ulikuwa wa busara.

Awamu ya tano, ya mwaka 2016–2018, iliwafikia watu wapatao 12,300 wa umri wa miaka 33 hadi 43. Wengi walijibu kwa mtandao au kwa posta, na muuguzi aliwatembelea baadhi yao kuchukua damu ya mshipa. Awamu ya sita ilianza mwaka 2022, na miongoni mwa mambo yaliyoongezwa ni vipimo vya utambuzi na kumbukumbu. Baadhi ya wanaopimwa sasa wana watoto wa umri uleule waliokuwa nao wenyewe siku walipopewa orodha ya majina darasani na kuambiwa waandike namba.